Pedi Yenye Kanyagio

Konsoli mpya, mashine za kuchezea gemu, zilifika Jumamosi mchana, na kabla hazijavuliwa nailoni zote Kinyozi alikuwa ameshaanza kuzitangaza kama vile amezitengeneza yeye. Ukumbi wa gemu ulijaa mpaka mlangoni. Mwenye ukumbi, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikuwa ameziondoa mashine zote za zamani akaweka hizi mbili, na ligi ya mtaa ingeendelea humo humo, kwa toleo jipya la gemu ya mpira. Dada Fundi, ambaye kibanda chake cha kutengeneza redio, simu na kompyuta kimepakana na ukumbi ukuta kwa ukuta, aliingia na pedi ya mdogo wake, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, mkononi, akachomeka waya, akasubiri. Skrini ikaandika: Kifaa hiki hakikubaliwi.

Akachomoa, akapuliza vumbi, akachomeka tena. Maneno yale yale.

"Hakikubaliwi na nani?" aliuliza kwa sauti ambayo wateja wake wanaijua. "Nani huyo aliyekaa humo ndani anakataa watu?"

Wote waliijua pedi ile. Miaka minne nyuma msumeno wa umeme ulimkata mdogo wake, ambaye ni seremala, vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kulia. Vilibaki gumba na kile cha mwisho. Kazi aliirudia polepole, akajifunza upya kushika nyundo na patasi. Gemu ndiyo iliyomshinda, kwa sababu kitufe cha juu cha pedi, kile cha kuwakimbiza wachezaji, kinataka kidole cha shahada, na yeye hana. Wachezaji wake wakawa wanatembea uwanjani kama watu waliotoka kushiba.

Dada yake hakumpa pole. Ni mtu ambaye pole haimtoki mdomoni. Hata alipofiwa na mumewe alijifungia kibandani wiki nzima akitengeneza redio za watu ambao hawakuwa na haraka nazo. Aliifungua pedi, akavuta nyaya mbili, akaziunganisha kwa risasi ya kuchomelea kwenye kanyagio la cherehani ya umeme ya mama yao. Kuanzia hapo Seremala akawa anawakimbiza wachezaji kwa mguu, na kwa mguu huo huo akapanda mpaka nafasi ya pili katika ligi. Wa kwanza alikuwa Kinyozi, rafiki yake tangu shule, mtu mwenye kipara kinachong'aa na mdomo usiojua kupumzika.

"Dada Fundi, hiyo pedi ni ya zamani, na hii ni mashine nyingine kabisa," Kinyozi alisema. "Gemu inafunguka kabla hujakaa vizuri. Picha zake unaona mpaka jasho la golikipa. Ukitaka kompyuta ya kufika hapa, kwa kadi ya picha peke yake, ile inayochora gemu kwenye skrini, itabidi uuze hicho kibanda."

"Kompyuta haijawahi kuniuliza nimechomeka nini," alijibu Dada Fundi. "Nikiipa kanyagio, inapokea kanyagio. Kadi ikichoka natoa kadi, vingine vinabaki. Nyinyi hili sanduku mmelinunua mkabaki wapangaji! Mwenye nyumba yuko huko mbali, ndiye anayewaamulia nani aingie."

"Lakini nyumba yenyewe nzuri," alisema Kinyozi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwenye ukumbi, kwa nia njema, akasema Seremala sasa atakuwa refa wa ligi. Seremala, aliyekuwa ameingia nyuma ya dada yake, akasema hakuna shida. Akavuta kiti pembeni, akakaa, akaanza kupigia makofi magoli ya wenzake. Yale makofi ndiyo yaliyompandisha dada yake mori. Mdogo wake angetukana, angepiga meza, yeye angejua la kumfanyia. Lakini kupiga makofi! Alitoka bila kuaga.

Wiki ile wateja walimkuta Dada Fundi ana kazi moja tu. Alikuwa anaunda kompyuta. Prosesa aliitoa kwenye mashine ya ofisi iliyoungua umeme, kumbukumbu kwenye nyingine iliyomwagiwa chai, na kadi ya picha alikuwa nayo kwenye droo tangu mteja mmoja alipoisusa kwa kelele za feni. Akiichomelea feni ile alikuwa anabishana kimoyomoyo na Kinyozi aliye upande wa pili wa ukuta, na kila mara alishinda.

Jumamosi iliyofuata aliibeba mashine mwenyewe, akaiweka kwenye kona ya ukumbi na kuwasha. Akachomeka pedi yenye kanyagio. Mashine haikuuliza kitu. Wachezaji wa Seremala wakakimbia.

"Haya!" Dada Fundi aligeuka, mikono kiunoni. "Nani alikuwa anasema?"

Kinyozi alisogea, akainama, akatazama. "Hili si toleo la miaka mitano iliyopita?"

Ndilo lilikuwa. Toleo jipya lilikuwa limeishinda ile kadi. Dada Fundi alilijaribu mara mbili kibandani na mashine ikagoma katikati ya wimbo wa kufungulia. Alitumaini hakuna atakayeligundua. Alisema kompyuta nzuri ingeliweza, tena vizuri kuliko hayo masanduku yao, na alisema kweli, lakini kompyuta hiyo nzuri haikuwa pale mezani.

Kinyozi, safari hii, hakucheka. Alichukua pedi ya pili, akakaa na rafiki yake, wakacheza mchezo mmoja. Seremala alishinda mawili kwa bila. Kinyozi akampiga begani, akasema, "Umenikomesha," kisha akarudi kwenye konsoli, walikokuwa watu wote na ligi yenyewe.

Seremala aliweka pedi chini. Alikuwa amekunja uso hivi kwamba dada yake alidhani mkono unamuuma.

"Umeshinda, mbona umenuna?"

"Ameniachia, dada," alisema Seremala. "Goli la pili golikipa wake alikuwa amesimama tu. Tangu tuko shule huyu mtu hajawahi kuniachia hata moja. Nilikuwa namtukana, ananitukana. Leo kanionea huruma." Akasukuma kiti nyuma. "Toa hii mashine. Mimi nirudi zangu karakana."

Dada Fundi alihisi uso unamuwaka, na kwanza alijikasirikia mwenyewe. Wiki nzima alikuwa anamjibu Kinyozi, na kumuuliza mdogo wake anataka nini hakuwahi. Kisha akavuka ukumbi na kusimama mbele ya skrini katikati ya mchezo.

"Wewe! Msumeno ulimchukua vidole, ulimchukua na macho? Ulidhani haoni?"

Kinyozi akasimamisha mchezo. "Dada Fundi, nilifikiri nam..."

"Usifikiri! Mwenye ukumbi, nipe pedi moja mpya. Naifungua niiunganishe na kanyagio."

Mwenye ukumbi aliikumbatia ile aliyokuwa nayo. "Dada yangu, ina karatasi ya dhamana imebandikwa nyuma. Ikichanika, pedi ikifa hawanibadilishii. Wameandika kabisa ni marufuku."

"Marufuku kufungua kitu chako mwenyewe?"

"Ndivyo walivyoandika," alisema mwenye ukumbi, na alikuwa na aibu kweli.

Kinyozi alikuwa ameshainuka. Aliufuata mkoba wake ukutani, ule anaobebea mashine za kunyolea, akatoa pedi mpya iliyofungwa kwenye taulo. Ilikuwa yake mwenyewe, ameinunua ili asishike zenye jasho la watu. Akaiweka mbele ya Dada Fundi, akabandua karatasi ya dhamana kwa kucha.

"Kata," alisema.

Ilichukua saa nzima. Vijinyaya vya ndani vilikuwa vyembamba kuliko vya pedi ya zamani, na aliyeviunda hakutaka kabisa mtu aviguse. Dada Fundi alimlaani mtu huyo kwa majina aliyomtungia mwenyewe. Alipofunga parafujo ya mwisho, konsoli iliipokea pedi kama nyingine yoyote, maana kwa ndani ilikuwa pedi ya konsoli yenyewe. Seremala akaweka mguu kwenye kanyagio.

Kinyozi alimfunga la kwanza kabla hawajatulia vitini. Akamfunga la pili. La tatu alilifuatisha kwa kuinuka na kukata kiuno mbele ya uso wa Seremala.

"Offside! Mwizi mkubwa wewe!" Seremala alifoka, mate yakimruka. "Rudisheni nyuma, watu waone!"

Dada Fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yao na chuma cha kuchomelea bado kina moto mkononi, alitamani kukiweka kwenye kile kipara. La nne likaingia. Kinyozi akageuka, akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Dada Fundi, nimwachie japo moja?"

"Thubutu!" walimjibu dada na kaka kwa pamoja.