Nilimwandika bibi yangu, makala ikatoka kwa jina la mtu mwingine

Wakuu habari za jioni. Mliotangulia kuzaliwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wengine wako humu humu na hawapendi ugomvi, na vitu vichache nimevigeuza wasitambulike, ila mengine nayaweka yalivyokuwa. Kama una haraka pita tu, uzi huu hauna connection ya ajira wala mkeka wa kubet.

Naishi Mazingara, Handeni. Nilisomea ualimu, nikajitolea kufundisha, nikasubiri ajira mpaka nikachoka kuulizwa na watu "vipi, majina yametoka?". Mwishowe nikarudi shambani kwetu, mahindi na ufuta, simu mfukoni.

Hiyo simu ndiyo iliyonipeleka kwenye kundi la waandishi wa makala wa kujitegemea, freelancers kama tunavyojiita tukitaka kuonekana watu wazito. Kuna mdau alicomment kwenye uzi mmoja humu, nikamfuata PM, akaniunganisha Telegram.

Kuingia kuna mtihani. Unaandika makala ya majaribio, unaiweka kundini, wanaichana wote wewe ukiangalia. Yangu waliichana mpaka nikazima data.

Nilipowasha nikakuta admin wetu, dada mmoja wa Arusha tunayemwita Mama Kundi, ameandika: "Huyu wa Mazingara anajua kuona vitu. Kuandika tutamfundisha."

Nikabaki. Na walinifundisha kweli, sitawasahau.

Kwa wasioijua kazi hii: mteja anataka makala, wewe unaandika, anakulipa, jina anaweka lake. Inaweza kuwa makala ya kufuga sungura, hotuba ya harusi, au maisha ya mtu tangu utoto wake. Ukishaikabidhi huruhusiwi kusema popote kwamba ni yako. Unasaini kabisa.

Sasa kwa kuwa hatuwezi kuonyeshana kazi zetu zikishatoka, kundi lina utani wake. Ijumaa, aliyekabidhi kazi anaandika: "Nimejifungua."

Wenzake wanamjibu: "Hongera mzazi! Mtoto yuko wapi?"

Naye anajibu: "Wenyewe wameshamchukua."

Basi, stika zinamwagika, tunacheka, maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaocheka sana.

Sasa nije kwa bibi.

Nimelelewa na bibi mzaa baba tangu sijaota meno. Huyu bibi ni mwanamke wa maneno. Kuku wake amewapa majina ya mawifi zake. Asubuhi anafungua banda anaanza: "We Mwanaidi, mlafi wee, umekula na ya wenzio!" Na Mwanaidi mwenyewe, wifi yake, anakaa jirani pale, anasikia kila neno.

Macho yalipoanza kumsumbua, shangazi alikuja akamchukua kwenda kwake Korogwe, ili awe karibu na kliniki. Ilikuwa aende arudi. Hakurudi. Kila nikimuuliza shangazi ananijibu, "Huko Mazingara nani atamshika mkono kumpeleka chooni? Wewe na simu yako?"

Nikabaki na nyumba na kuku.

Wakuu, kama hujawahi kuishi kwenye nyumba ambayo mwenye kelele zake ameondoka, shukuru Mungu. Unapika, unakula, unaosha sahani yako, hakuna hata wa kukuambia umeunguza mboga. Nilijaribu kuwagombeza kuku mimi mwenyewe. Waliniangalia tu.

Hapo ndipo kazi ikaingia. Mteja alikuwa bwana mmoja anayeishi nje ya nchi, asili yake Handeni, ana blogu yake. Alitaka makala ya utoto wake kijijini, yeye na bibi yake. Nikamtumia maswali kama tulivyofundishwa. Bibi alikuwa anakuitaje? Alikuwa anapika nini? Alikuwa anakasirishwa na nini?

Akanijibu: "Niliondoka mdogo. Jaza wewe, unapajua huko."

Nikajaza.

Nilijaza kopo. Wanaoijua Handeni wanajua habari ya maji kwetu. Bibi alikuwa anakuogesha kuanzia kichwani mpaka unyayoni kwa kopo moja la maji ya lambo, na ukitoka hapo umetakata, na yanayobaki anamwagia mche wa mpapai. Nikajaza bada, ule ugali wetu wa muhogo, na jinsi alivyokuwa anaufunika wa mtu ambaye hajarudi. Hakuna kuugusa, hata kama huyo mtu yuko Dar na hajasema anakuja lini.

Nikajaza sauti yake jioni akiniita. Anaanza na jina langu, anafuatisha la babu, anamalizia "mume wangu njoo ule", mpaka majirani wananifukuza kwao, nenda bwana, mkeo anakuita.

Kuku niliwageuza mbuzi, ili walau kidogo iwe ya mteja.

Niliiandika nimekaa kwenye kizingiti cha chumba chake. Niseme ukweli, mteja sikuwa namfikiria hata kidogo. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu mpaka kifua kinauma.

Mteja hakubadilisha hata neno. Ijumaa nikaandika kundini nimejifungua. Wakauliza mtoto yuko wapi. Nikajibu kama wanavyojibu wote. Siku hiyo sikucheka.

Kilichofuata sikukitegemea. Makala ikatoka, watu wa Handeni wakaipenda, ikaanza kuzunguka kwenye magroup ya WhatsApp. Nikawa natumiwa na watu, "soma hii mzee, utalia." Nalisoma jina la yule bwana pale juu, naandika "dah, kali."

Baada ya mavuno nikapanga safari ya Korogwe. Bodaboda mpaka Mkata, basi mpaka Segera, nikanunua machungwa kwa wale wauzaji wa dirishani, nikapanda gari jingine.

Nikamkuta bibi amekaa barazani kwa shangazi, mtandio begani, uso kaugeuzia kwenye mwanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mwanaidi hajambo?"

Kuku kwanza, mimi baadaye.

"Hajambo, anataga."

"Mlafi yule. Njoo hapa nikushike."

Akanishika uso wote kwa mikono yake, akasema nimekonda, akasema ni kwa sababu sioi. Halafu akamwita Zuhura, binti wa shangazi aliyeko sekondari. "Hebu msomee kaka yako ile ya yule kijana."

Zuhura akatoa simu, akaanza kusoma. Wakuu, sentensi ya kwanza tu nikaijua.

Nilisikiliza makala yangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho nikiwa nimeshika chungwa ambalo sikulimenya. Bibi alikuwa ameshaihifadhi, anamtangulia Zuhura. Ilipofika kwenye mbuzi wenye majina ya mawifi akapiga kofi pajani. "Kumbe tuko wengi! Nilidhani mchokozi ni mimi peke yangu Uzigua nzima!"

Kwenye kopo akajifuta macho na mtandio.

"Sisi wote tulikuwa tunaogesha hivyo," akasema. "Lakini huyu yuko Ulaya huko na amekumbuka. Huyu kijana alimpenda bibi yake."

Kisha akanigeukia. "Na wewe kutwa unaandika kwenye hiyo simu yako. Mimi hujaniandika hata mstari mmoja."

Hakusema kwa ugomvi. Alisema kama mtu anayeomba chumvi.

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Nililia wakuu, mwanaume mzima, nyuma ya jiko la shangazi.

Nilivyorudi Mazingara nikamwandikia Mama Kundi pembeni, nikamweleza yote. Yeye si mtu wa kupindisha. Akasema: "Ulisaini. Mimi siwezi kukuruhusu, mwenye ruhusa ni mteja. Muombe kistaarabu, umwambie ni kwa ajili ya bibi tu."

Nikamuomba. Yule bwana akanipigia. Nikamweleza kwamba bibi wa kwenye makala ni wangu, yuko hai, na ananidai niandike kitu ambacho nimeshakiandika.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi bibi sina. Nililelewa na watu baki. Watu wazuri, siwasemi vibaya. Lakini wanangu waliniuliza bibi yako alikuwaje, nikakosa cha kuwaambia. Ndiyo maana nikakutafuta."



"Nimewasomea makala, sasa hivi hawataki kuoga bombani," akaendelea, huku anacheka kidogo. "Wanataka kuogeshwa kwa kopo, kama bibi alivyokuwa anamuogesha baba. Wewe mwambie bibi yako, siwezi kukuzuia. Naomba tu wanangu wasijue."

Ruhusa nikawa nayo mkononi. Nilifurahi, sitadanganya. Nikapanga safari nyingine ya Korogwe haraka haraka, njiani nafanya mazoezi ya kumwambia. "Bibi, yule kijana ni mimi." Naona kabisa atakavyopiga kofi pajani.

Na kabla ya safari niliandika nyingine, ya bibi, kwa jina langu. Nilitaka nifike na zote mbili.

Nilifika akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuswali alasiri, bado yuko kwenye msala, anaomba dua kwa sauti kama kawaida yake, maana bibi hata Mungu haongei naye kwa kunong'ona. Akamuombea babu. Akamuombea marehemu baba yangu. Akaniombea mimi, nipate kazi na mke wa kweli. Halafu akasema:

"Na yule kijana aliyemkosa bibi yake, Mola mfariji, kokote aliko."

Maneno yangu yote niliyoyafanyia mazoezi yakaishia pale mlangoni.

Ningemwambiaje? Kwamba huyo kijana unayemuombea hayupo? Au kwamba mwenye jina yupo, lakini huyo bibi unayemuonea huruma kwa kumkosa hakuwahi kuwa naye? Niliwafikiria na wale watoto na kopo lao. Nikaona huyu bibi sasa ana wajukuu asiowajua, na wao wana bibi wasiyemjua, na mimi ndiye niliyewakutanisha. Nikaacha.

Nikamwambia tu, "Bibi, nimekuandika."

Akajiweka sawa, akamwita na Zuhura aje asikilize. Nikasoma ile ya jina langu. Ya siku alipoondoka, alivyopapasa ukuta wa kila chumba kabla ya kupanda gari. Ya kuku wanaosimama mlangoni asubuhi wakisubiri matusi. Ya bada ninayofunika jioni wakati najua niko peke yangu.

Nilipomaliza akauliza:

"Mbona umeniandika kama marehemu?"

Zuhura akaangua kicheko. Nami nikacheka.

"Ni nzuri," bibi akasema. "Lakini ya yule kijana ni nzuri zaidi."

Wakuu, wivu wa kujionea wivu mwenyewe ulishawahi kuwapata? Nikamuuliza kwa nini.

"Yule alishamkosa bibi yake. Wewe unajua nipo. Siku ukinikosa na wewe utaandika vizuri."

Hapo sikuweza kukaa kimya. Nikamwambia, "Bibi, mimi nimeshakukosa. Nakukosa kila nikifungua banda la kuku. Uko Korogwe hapa na mimi nyumba inanishinda."

Bibi alinyoosha mkono akapapasa hewani mpaka akaupata wangu. Akaushika kwa wake, mkavu, mwepesi, na akakaa nao hivyo hivyo.

Kisha akasema, "Soma tena pale pa kuku."

Nikasoma. Akataka tena. Nilisoma mpaka adhana ya magharibi.

Bado yuko Korogwe. Macho hayajawa mazuri na shangazi hajalegea. Mimi niko huku na mawifi zake, na nimeanza kuwagombeza kwa bidii, Mwanaidi sasa anageuka nikimwita.

Ijumaa ile niliyorudi niliandika kundini, "Nimejifungua."

Wakamwaga stika. "Hongera mzazi! Mtoto yuko wapi?"

Nikajibu: "Yuko kwa bibi yake."

Hawakuelewa. Mama Kundi peke yake aliweka stika ya kopa.

Nilichojifunza ni hiki. Kazi hii ni nzuri na nawashauri vijana waingie, kundi likiwa la watu wa kweli utajifunza mengi. Uza makala za sungura, uza hotuba, hata utoto wako uza kama njaa imekushika. Lakini yule mtu unayemkumbuka mpaka kifua kinauma, mwandikie na ya kwake, kwa jina lako, umsomee akiwa bado anaweza kukuambia ni mbaya.

Sasa nyie wakuu, mngekuwa mimi mngemwambia bibi? Au nilifanya sawa? Semeni hata kwa kunichana, nimeshazoea.

Ila kama bibi yako yupo na yuko karibu, nenda kamsalimie kwanza. Uzi utaukuta hapa hapa.