Jina Langu, Kichwa cha Lea

Harufu ya mkate ndiyo iliyokuwa ikiniudhi. Kila Ijumaa alasiri ilipanda ngazi za jengo letu pale Saint Louis Park, Minnesota, harufu ya mkate wa mayai uliosukwa kama nywele, ikapenya chini ya mlango wetu, nami nikajua kule chini baba yake rafiki yangu Lea amesharudi nyumbani. Wao walikuwa Wayahudi. Sisi tulikuwa Wakristo tuliotoka Bukavu, na baba yangu, niliyemwita Papa, saa hiyo ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu aende Saint Paul kusafisha ofisi za watu. Mama naye yuko zamu hospitalini, kwa hiyo mimi nilishushwa kwa kina Lea.

Niseme ukweli: niliona wivu, tena wivu wa kuuma meno. Jua likikaribia kuzama, Sabato yao ikiwadia, simu zote zilizimwa. Mama yake aliwasha mishumaa, kisha baba akamwekea Lea mikono miwili kichwani na kumbariki kwa Kiebrania, Mungu amfanye kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Raheli ni mimi! Jina langu linatajwa, kichwa ni cha mwenzangu. Kanisani kwetu kila Jumapili tuliimba na kupiga makofi mpaka viganja vikawaka, kwamba baraka za Ibrahimu ni zetu. Zetu wapi? Nilikuwa naziona kwa macho yangu zikimshukia Lea, naye wala hana habari, anautazama mkate tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ijumaa moja nilimvizia Papa mlangoni. “Papa, niwekee mikono kichwani.”

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Kwetu mikono kichwani ni ya mgonjwa. Papa alitupa mfuko wake wa chakula, akanikamata kichwa, akakemea homa, akakemea pepo wachafu, akakemea hata baridi ya Minnesota. “Toka! Toka kwa jina la Yesu!” Halafu, akihema: “Unaumwa wapi, mama?”

“Siumwi!” nililia kwa hasira. “Nataka unibariki kama baba yake Lea!”

Papa alishusha mikono. Akatazama saa. “Basi litaniacha, mama,” akasema, akaokota mfuko wake na kuondoka. Jioni ile nilikataa kuugusa mkate wa kina Lea.

Leo, miaka mingi baadaye, Papa ameacha kazi, naishi naye mjini New Hope. Ijumaa ya kwanza baada ya kuacha kazi aliniita mwenyewe kutoka kitini: “Raheli, njoo. Sasa sina basi la kuwahi.” Kumbe hakusahau! Tangu hapo nazikataa zamu za Ijumaa jioni, na kazini wananishangaa. Naketi kwenye zulia, mwanamke mzima, ananiwekea viganja vilivyokakamaa kwa dawa za kusafishia sakafu. Hakemei kitu. Anataja Sara, Rebeka, Lea, na mimi ananiweka mwisho, polepole.

Ijumaa iliyopita mwanangu alijipenyeza, akaingiza kichwa chake chini ya mikono ile kabla yangu. Nikamsukuma kwa bega.

“Ngoja zamu yako,” nilimwambia. “Mimi nimengoja sana.”