Magazeti ya Pasifiki Yalipochelewa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkasi. Nimetoka chuo kikuu na shahada ya siasa, najiona mtu, na Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti, vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa hapa Malindi, ananiambia, "Bi Rehema, Asia na Pasifiki tunazisoma kwa kukata." Magazeti ya huko yalikuja kwa meli hadi Mombasa, yamechoka kama nilivyochoka mimi leo. Tuliyakata, tukayabandika, tukayapanga nchi kwa nchi.

Kanuni yake: huandiki jambo mpaka lithibitishwe na magazeti mawili ya nchi mbili. Redio hakuitambua kabisa. Miaka ile ya themanini visiwa vidogo vya Pasifiki vilikuwa vimeshikana dhidi ya wenye meli kubwa za jodari. Kila nchi ina ukanda wake wa bahari, yaani maji ambayo samaki wake ni haki yake, nazo nchi hizo zilikataa kujadiliana na wenye meli kila moja peke yake. Wallahi nilisisimka nilipoyasoma hayo kwenye gazeti moja la huko! Serikali yetu nayo ilikaribia kutia saini mkataba na meli kama hizo, na kaka yangu Athumani alikuwa akitega jarife, ule wavu mkubwa wa papa, huko Mambrui. Nikaandika rasimu ya ripoti ya kuionya serikali, ifike wizarani kabla ya saini.

"Gazeti la pili li wapi?" akauliza Mkurugenzi.

"Li njiani, mzee. Lakini mkataba hautungoji."

"Sisi si watu wa porojo za barazani, binti yangu. Tutangoja."

Nilimsihi mpaka nikalia, nami si mtu wa kulia ovyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kukosea kuliko kuchelewa.

Mkataba ukatiwa saini. Meli zikaja, zikaburura jarife la Athumani na kulichanachana, na hakupata wa kumshitaki. Ndipo gazeti likafika. Mkurugenzi akaniwekea mezani, uso umemkunjuka. "Haya, sasa andika." Nikaandika. Ripoti ikasifiwa hadi Nairobi, nami nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Mombasa, kwa wakurugenzi wengine na mikasi mingine, hadi nikastaafu.

Vijana huniuliza kama elimu hii ina faida. Ina faida, ila inachosha, jamani. Unajua mapema, halafu unaambiwa ukae.

Athumani siku hizi anauza makaa. Hupita kwangu Ijumaa baada ya sala, na mkataba hautaji hata siku moja. Huuliza tu, "Wale wa visiwani, bado wameshikana?"

"Bado wameshikana."

"Alhamdulillahi," husema, kwa moyo mmoja, kisha huomba maji ya kunywa.