Kamba ya Urefu wa Mtoto

Mlima ulikuwa unaondoka kila asubuhi. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia binti yangu, na mpaka leo sijapata namna bora ya kulieleza jambo hilo. Tulifungua mlango, na pale ulipotakiwa kuwapo mlima Hanang palikuwa na weupe mtupu. Kwenye saa nne hivi ulirudi, umelowa, ukakaa mahali pake. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na kila uliporudi aliupigia makofi. Mimi nilikuwa mgeni wa miaka miwili, mwalimu niliyeletwa huku na barua ya serikali kutoka Njombe, na katika ukungu ule niliweza kujidanganya kwamba ukitawanyika nitaona vilima vya kwetu.

Kijiji chetu, upande wa Masakta, kilikuwa bado kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye makazi yao ya zamani, ambako nyumba na nyumba zilitenganishwa na bonde zima, wakapangwa kwenye mistari kama madawati. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa mstari. Jirani yetu alikuwa mama mzee wa Kiiraqw ambaye binti yangu alimwita Ama, yaani bibi kwa lugha ya hapo. Neno hilo alilijua kabla hajajua kuita baba, na mume wangu alilichukulia vibaya kidogo. Mume wangu alikuwa bwana afya, mtu wa vyoo. Alitembea na kamba ya katani yenye mafundo, akiishusha kwenye mashimo ya watu kuona kama wamechimba kina alichowaagiza. Mafundo kumi na mawili ndiyo yalikuwa choo halali. Ukiwa na mafundo kumi, hata chai yako hakunywa.

Mwezi wa kumi ilikuja barua ya mama. Iliandikwa na katekista wa kwetu kwa mwandiko wake wa kulala upande, lakini sauti ilikuwa ya mama mwenyewe. Alisema macho yanamwishia. Watu sasa anawaona kama moshi, anawajua kwa kukohoa. "Mlete mtoto likizo hii," alisema. "Nikimweka juani karibu na uso wangu bado nitamwona. Mwakani sijui."

Likizo ya kwenda kwetu tulipewa kila baada ya miaka miwili, na waranti ya usafiri juu yake. Ukiiacha ikupite, unasubiri miwili mingine. Zamu yangu ilikuwa Desemba ile. Nilianza kufua nguo za mtoto na kuzikunja upya kila Jumamosi, na huku nikifundisha nilikuwa nasafiri. Watoto wa darasa la tatu walinakili hesabu ubaoni, mimi nikawa nimeshafika Singida, nimelala Dodoma, naupanda mlima wa Iringa alfajiri na baridi ya kwetu inanipiga usoni kupitia dirishani. Mama alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya nyumba. Nilimwekea mtoto mapajani. Hapo ndipo kila mara mtoto mmoja aliponyoosha kidole kuuliza, nami nikarudi darasani nikiwa na chaki mkononi, sijui tulikuwa wapi.

Kisha redio ikaanza kutaja kipindupindu. Kwanza kilikuwa mbali, Pwani huko, tukasikitika kwa adabu kama mtu anavyosikitikia msiba asioujua. Baadaye kikaanza kutajwa kwenye miji ambayo basi langu la ndotoni lilikuwa linapita. Wakaweka vizuizi barabarani, wakataka kadi za chanjo, wakakataza chakula cha kuuzwa stendi. Mume wangu alirudi jioni moja kutoka kwenye semina ya wilaya, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida, akasema bila kunitazama, "Mtu mzima anaweza kuvumilia. Mtoto kama huyu anaisha kwa mchana mmoja." Alisema mara moja tu. Mimi nilisikia kila siku.

"Basi tusiende?" niliuliza.

"Sijasema hivyo. Mama ni wako."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Angesema usiende, ningepata mtu wa kugombana naye.

Wakati huohuo Ama aliacha kuja kwetu. Mke wa mwanawe, aliyekaa naye nyumba moja, alikuwa amefiwa na mtoto mchanga. Nikafanya kosa ambalo mgeni tu angelifanya. Kwetu kwenye msiba unakwenda, unaingia ndani, unakaa chini na wafiwa. Nilipika uji wa ulezi, nikambeba binti yangu mgongoni, nikashika njia ya kwao. Kulikuwa na tawi la mti limelazwa njiani nikaliruka, nikidhani limeanguka. Ama alitoka nje akipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa mtu wa heshima kama yeye. Alikuwa ananifukuza, na mikono yake ilikuwa mbele kana kwamba mimi ni ng'ombe aliyeingia shambani. Uji ulimwagika. Mtoto alilia mpaka nyumbani, nami nikanuna wiki nzima.

Mume wangu ndiye aliyenieleza. Wairaqw wakipatwa na msiba wa namna ile, nyumba hujitenga. Wenyewe huita metimani. Hawaingii kwa mtu, hawaombi moto, hawachangii kibuyu, hata maji huteka wakati wao, kwa miezi, mpaka watakaswe. Zamani bonde lilisaidia. Sasa serikali ilikuwa imewasogeza hatua thelathini kutoka kwa jirani, ikabidi waweke tawi. "Mimi natembea na kamba kuwafundisha watu hawa afya," alisema akicheka, "na wao karantini waliianza kabla babu yangu hajazaliwa."

Tangu hapo tulionana na Ama kwa mbali. Kila jioni alitoka akasimama upande wake wa ua wa manyara, nami nikamsimamisha mtoto upande wetu. Mtoto alinyoosha mikono, akalia, baadaye akazoea, akawa anamwonyesha vitu: kiatu, bunzi la hindi, kuku. Ama alivisifu vyote. Ukungu ulikuwa ukishuka saa hizo, na siku nyingine nilibaki kumsikia tu, sauti isiyo na mtu.

Jioni moja, ikiwa imebaki wiki moja nisafiri, nilimwuliza.

"Shikamoo, Ama."

"Marahaba, mwalimu. Simama hapo hapo."

Nilimweleza yote kwa kupaza sauti, barua, macho ya mama, basi, ugonjwa. Si mambo ya kupigia kelele juu ya ua, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alisikiliza akisokota kitu mikononi. Halafu akasema, "Mimi namtaka huyu mtoto hata saa hii. Mikono inaniuma kwa kumtaka. Kama nisingempenda, ningekuja."

"Lakini wewe unamwona," nilimjibu. "Mama yangu haoni. Akikaa mbali, ni kama mtoto hayupo. Yeye lazima ashike."

"Hapo sijui, mwalimu," akasema. "Pole." Nilimshukuru kwa neno hilo kuliko kwa ushauri wowote, kwa sababu wengine wote walijua. Mwalimu mkuu alijua, mwenyekiti wa kijiji alijua, na mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakwenda Makambako na watoto wake wawili alijua kabisa kwamba nina woga wa bure.

Nikaamua kwenda. Nilichemsha maji, nikajaza chupa tatu, nikakaanga maandazi ya njia nzima, nikaapa kwamba mtoto hatakula wala kunywa kitu cha mtu. Mume wangu alitusindikiza mpaka barabarani na mzigo kichwani. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Tulilisikia basi kabla ya kuliona, likinguruma ndani ya weupe kwa muda mrefu bila kusogea, mpaka nikafikiri labda na lenyewe naliota.

Lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Na kama ilivyo kawaida yetu, hakuna aliyemwacha mama mwenye mtoto ahangaike. Madirisha yalifunguka, mikono ikatoka. "Lete mtoto, mama! Lete mtoto kwanza!" Nimepanda mabasi ya nchi hii maisha yangu yote. Sikufikiri hata kidogo, nikamwinua, wakampokea. Alipita dirishani kwa furaha, akakaa mapajani kwa mama mmoja mnene mwenye kitenge cha njano, na yule mama, kwa upendo mtupu, akakata kipande cha ndizi aliyokuwa akiila akakielekeza mdomoni mwa mwanangu. Nyuma yake mwingine alikuwa anainua kata ya maji. Mikono ilikuwa mingi. Kila mmoja alitaka kumshika shavu.

"Nirudishieni mtoto," nilisema.

Hawakusikia, au walidhani natania.

"Nirudishieni mtoto wangu!"

Nilipiga ubavu wa basi kwa kiganja. Yule mama mwenye kitenge alinitazama kama mtu aliyetemewa mate, akamtoa mtoto dirishani polepole, ndizi bado iko mkononi mwake. "Sisi tumekukosea nini?" aliuliza. Hawakuwa wamenikosea kitu. Nililia pale barabarani, kwa aibu zaidi kuliko kwa uchungu, na kondakta akagonga bati, basi likaingia kwenye ukungu na waranti yangu ikawa karatasi. Mume wangu akauweka mzigo kichwani tena. Niliuona mgongo wake ukitembea mbele yangu umelegea, mgongo wa mtu aliyepona, na nikamchukia kwa mara ya pili.

Siku tatu sikuandika barua kwa mama. Ningeandika nini? Picha haikuwa na maana kwake. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikitazama mlima ukirudi, na kamba ya vyoo ya mume wangu ilikuwa imetundikwa ukutani inakauka. Niliitazama muda mrefu. Mume wangu hashuki shimoni kujua kina chake, anashika mafundo tu. Nikaomba nyuzi mpya za katani kwa fundi wa vikapu, nikasokota kamba nyembamba, nikamsimamisha binti yangu ukutani. Alicheka, alidhani ni mchezo. Nilifunga fundo magotini, fundo kiunoni, fundo begani, na utosini nikafunga mafundo mawili, kisha nikakata. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakwenda Makambako aliichukua pamoja na barua, aifikishe kwa mama. "Mama, huyu ndiye mtoto," niliandika. "Anza miguuni."

Mwalimu huyo alirudi Januari. Watoto wake walikuwa wazima, wamenenepa, wana mashavu ya kwetu. Hawakuumwa hata tumbo. Nilifurahi, namshukuru Mungu, na nilikwenda nyuma ya nyumba nikajipiga paja kwa ngumi. Kipindupindu kijijini kwetu hakikufika, na barabarani sijui kama kingetukuta. Hilo sitalijua kamwe. Ama alitakaswa baada ya mvua za masika, akaliondoa tawi, akaja moja kwa moja kumbeba mtoto, naye mtoto akamkimbilia kana kwamba walikuwa wameachana jana.

Zamu yangu ilirudi baada ya miaka miwili. Tulisafiri salama, siku nne, mtoto akipitishwa madirishani na kulishwa ndizi za kila mtu. Mama alikuwa amekaa kwenye gogo, palepale nilipokuwa nikimwona darasani. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea kidogo kushoto kwetu.

"Kamwene, mama," nilimwamkia kwa lugha ya kwetu.

Aliingiza mkono kifuani akatoa ile kamba. Ilikuwa imekuwa nyeusi na laini kwa kushikwa. Dada yangu alikuwa ameshaniambia tulipokuwa njiani kutoka stendi: kila siku mama aliilaza kitandani kando yake, na mgeni akiingia kwa kelele aliambiwa anyamaze, mjukuu amelala. Alimvuta binti yangu, akashusha mkono mpaka kwenye nyayo, akaibana ncha ya kamba chini ya kisigino cha mtoto, akaanza kupanda. Fundo la goti halikukuta goti. Fundo la kiuno likaishia pajani. Lile la bega likafika chini ya kwapa. Mafundo mawili ya utosi yalipomalizika, vidole vyake vilikuwa shavuni mwa mtoto, na kichwa bado kilikuwa kinaendelea juu. Alisimama hapo. Nikaona uso wake ukitafuta.

"Yule mdogo yuko wapi?" aliuliza.

"Ndiye huyo, mama. Amekua."

Aliweka kidole gumba kwenye yale mafundo mawili, akanyoosha kiganja mpaka utosini. Kilienea kamili. Akakirudisha, akapima tena.

"Shibiri nzima," alisema. "Hii mmeila peke yenu."

Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikaishika ile ncha ya chini isiteleze, maana alikuwa anaanza kupima upya kutoka miguuni.