Tawi Lisilochorwa

Walubengo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kibanda chake Nyamasaria, karibu na ziwa, na maishani mwake alimwonea wivu mtu mmoja tu: Opiyo. Ujanani walijifunza kazi kwa fundi mmoja na kukaa chumba kimoja mtaa wa Kaloleni, mjini humohumo. Kampuni fulani ilipojenga gati la mafuta ziwani na kulaza bomba chini ya maji hadi kwenye matangi ya nchi kavu, wote wawili waliajiriwa. Kazi haijaisha, Opiyo akaenda Mombasa kusomea uzamiaji. Walubengo akabaki, na baadaye akawa mtu wa kuchomelea mageti.

Miaka ikapita, kampuni ikafungwa, gati likaliwa na kutu, nyavu za wavuvi zikawa zinararuka kwenye vyuma vyake. Hatimaye ikaamriwa ling'olewe, bomba na yote. Mkandarasi alikuja na tishari, chombo bapa cha kufanyia kazi majini, pamoja na winchi na wazamiaji wanne. Mkuu wao alikuwa Opiyo.

Walubengo aliajiriwa kukatakata vyuma vilivyovutwa ufukweni. Kila asubuhi alimtazama mwenzake akivalishwa mavazi ya kuzamia, huku watu wawili wakimhudumia kama bwana harusi. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe, Nabututu, aliyewauzia wafanyakazi chai, alisimulia jinsi Opiyo alivyo mpole na asivyojivuna. Walubengo akasukuma sahani, akasema ugali haukuiva.

Jumatatu moja msimamizi wao, Maryanne, alitandaza mchoro wa bomba mezani. Alieleza kwamba bomba limesukumiwa maji kutoka mwisho hadi mwisho, mafuta yote yametoka, na Alhamisi Opiyo ataanza kulikata. Walubengo aliukodolea macho ule mchoro. Palikuwa na tawi fupi ambalo halikuchorwa, lililojengwa Opiyo akiwa ameshaondoka. Walubengo mwenyewe ndiye aliyeliziba mdomo kwa bamba la chuma. Maji yale yalikuwa yamepita kando yake tu. Mafuta bado yalikuwamo.

Hakusema. Aliwaza jinsi mafuta yatakavyotapakaa ziwani na bingwa wa Mombasa atakavyoinamisha kichwa mbele ya watu. Wazo lilikuwa tamu, akalala nalo siku mbili. Jumatano akaona alama nyekundu kwenye mchoro: Opiyo angekata karibu kabisa na lile tawi, kwa moto wa umeme. Hiyo haikuwa aibu tena, ilikuwa kifo. Bado hakusema.

Alhamisi Opiyo, amevaa kila kitu isipokuwa kofia, alimwita kwenye tishari ili aangalie kiungo cha waya wa umeme.

"Omera, ndugu yangu, wengine wameshakikagua," alisema. "Lakini wewe usipokishika, mimi sishuki."

Walubengo alikishika. Kisha akakiachia.

"Usishuke," akasema. "Kuna tawi halipo kwenye mchoro. Nililiziba mimi. Lina mafuta."

Kazi ikasimamishwa. Tawi lilitobolewa kwa mashine isiyotoa cheche, na petroli iliyofyonzwa ilijaza mapipa matatu. Maryanne alimshukuru Walubengo mbele ya wote, wakampigia makofi. Opiyo hakupiga. Alimvuta kando, akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

Opiyo akageuka, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Hilo ndilo lililomchoma Walubengo kuliko yote: hata kwa kunyamaza, mwenzake alikuwa amemshinda.

Jioni alimsimulia Nabututu siku zile tatu bila kuficha. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akasema Maryanne naye anapaswa kujua. Kesho yake Walubengo akaenda kumweleza. Maryanne alimsimamisha kazi wiki mbili, na aliporudi, vyuma vyake vilikaguliwa na mtu mwingine. Gati liliisha kung'olewa mwezi wa tisa. Opiyo alirudi Mombasa bila kumuaga, na Walubengo hakumlaumu.