Vitufe vya Mume Wangu

Mume wangu hakuwahi kuniruhusu nisogeze hata kitufe kimoja kwenye skrini yake. Kikombe chake nanywea, shati lake navaa nikipika, lakini programu yake ya kuchorea ilikuwa mwiko. "Bibie, kaa mbali na mitambo," ndivyo alivyokuwa akiniambia. Mpare yule, kwa ubishi hajambo, na mimi Mzaramo wa Kisarawe sikuzaliwa ili ninyamazishwe, kwa hiyo ofisi yetu ya Visiga, hapa Kibaha, ilikuwa na kelele kuliko magari ya Barabara ya Morogoro. Ofisi yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mimi napima viwanja na kuongea na wateja, yeye anachora.

Nieleze kidogo habari za hivyo vitufe, maana usipovijua utaniona mwendawazimu huko mbele. Programu ya kuchorea majengo inakuja na vitufe vyake, vidogovidogo, kila kimoja kina picha anayoielewa aliyeichora tu. Mume wangu hakuvipenda. Akajipangia mstari wake mwenyewe upande wa kulia wa skrini, na picha akazichora mwenyewe, nukta kwa nukta. Cha ukuta kilikuwa tofali. Cha mlango kilikuwa pazia linalopepea. Cha choo, ndoo na kopo. Cha kufuta kilikuwa fagio la chelewa, na nilipomuuliza kwa nini chelewa, akanijibu kwamba fagio la plastiki halifagii kitu. Menyu nayo aliipanga upya kwa Kiswahili, akaweka baraza, uani, jiko la nje, vitu ambavyo nyumba za huku Pwani hazikosi. Nilimcheka sana. Nilimwambia mtu mzima na ndevu zake anachezea kompyuta.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimchukua mkono wa kulia na maneno mengi, na kusoma pia kikamnyang'anya; ukimpa karatasi anaisukuma, herufi hazitulii. Miezi ya mwanzo alikaa kwenye kochi akitazama ukuta wa sebule. Nikiwasha redio, anatazama ukuta. Wageni wakija, anatazama ukuta. Nilikuwa mkali siku zile, nagombana mpaka na masufuria, kwa sababu yeye sikuweza kumgombeza na hasira lazima iende mahali.

Kilichomrudisha ni vile vitufe. Siku moja alijikongoja hadi ofisini, akashika kipanya kwa mkono wa kushoto, akakisogeza polepole mpaka mwisho wa skrini upande wa kulia, akabonyeza tofali. Ukuta ukatokea. Kusoma hawezi, lakini tofali ni tofali. Akaanza kuchora nyumba ya mama yangu, ile aliyokuwa amemwahidi kabla hajaugua, maana anayokaa mama kule Kisarawe imepasuka ubavuni na kila masika tunalala roho juu. Alichora kidogo, akapumzika, akachora tena. Usiku huo alikula bila kubembelezwa. Nikajua kabisa kwamba vitufe vile vikiwepo, mume wangu yupo, na vikiondoka anarudi kwenye kochi.

Shida ikaja pale mhandisi anayetukagulia michoro alipomaliza kazi yake. Aliturudishia nyumba ya mama ikiwa na marekebisho, lakini kaihifadhi kwenye toleo jipya la programu, na letu la zamani likakataa kuifungua. Nikampigia. Akaniambia kwa upole kwamba anaweza kutusaidia mara hii, ila watu wote wameshahama, sisi tunangoja nini? Na kompyuta yetu nayo feni ilikuwa inaunguruma mpaka wateja wanauliza kama tunakoboa mahindi humo ndani. Nikakubali yaishe. Tukanunua nyingine, toleo jipya likawekwa.

Nilijiandaa, asije mtu akasema nilikurupuka. Fundi aliyeliweka alinielekeza: toa faili la menyu kwenye programu ya zamani, liweke kwenye flashi, kisha liingize kwenye mpya, kila kitu kitakaa mahali pake. Nikafanya vilevile. Nikahakikisha faili limo. Kompyuta ya zamani nikampa mdogo wangu wa kike, ambaye ana steshenari Kisarawe karibu na stendi, maana alikuwa akiililia siku nyingi apate ya kuchapia barua za watu.

Asubuhi ya kwanza nilimkalisha mume wangu mbele ya kompyuta mpya kwa madaha, utadhani namkalisha bwana harusi. Programu ikafunguka. Mstari ulikuwepo, upande wa kulia, palepale. Vitufe vyote vilikuwepo. Lakini kila kitufe kilikuwa na alama ya kuuliza. Tofali hakuna, fagio hakuna, ndoo na kopo hakuna, alama za kuuliza tupu kutoka juu mpaka chini. Kumbe faili la menyu linabeba mpangilio na amri tu. Picha alizochora mwenyewe zilikuwa kwenye folda lake la pembeni, na folda hilo fundi hakulijua. Aliyelijua hakuweza kulitaja.

Alizitazama. Kisha akatoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani, macho yakahamia ukutani. "Usijali mzee wangu, nitazileta," nikasema, kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa, ambayo yeye anaichukia na mimi naijua kwamba anaichukia.

Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Siku zote imeisha chaji. Sikungoja. Nikaacha uji kwenye chupa, nikamwomba jirani awe anamchungulia, nikafunga kanga nikaondoka. Kutoka Visiga nikazunguka kwa Mbezi na Pugu, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, namtukana fundi, najitukana mimi, naomba Mungu.

"Shikamoo dada," mdogo wangu akanipokea.

"Marahaba. Kompyuta yetu iko wapi?"

"Jamani, hata maji hujanywa."

"Nitakunywa nikiiona."

Ilikuwa juu ya kaunta, inawaka, haina hata kelele. Nikaifungua mwenyewe. Ilikuwa nyeupe, safi, haina folda hata moja tulilolijua.

"Mbona iko hivi?"

"Si nilimpa fundi wa huku akaisafisha feni, akaipiga fomati, akafuta vyote. Ilikuwa nzito, dada. Nawe uliniambia vyenu mmeshavitoa."

Kweli nilimwambia. Nikakaa juu ya katoni la karatasi, nikalia pale mbele ya wateja wake, mwanamke mzima.

"Shemeji amezidiwa?" akaniuliza, ameshanishika bega.

"Hapana. Picha zake zimepotea."

"Picha za nini?"

"Ya tofali," nikasema. "Na ya fagio."

Mdogo wangu alinitazama, na Mungu ambariki mtoto yule, hakucheka. Alinipa maji. Kisha akaenda nyuma ya duka, akakata kipande kikubwa cha fenesi, akakifunga kwenye mfuko. "Mpelekee shemeji," akasema.

Nikarudi Kibaha na fenesi. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia nikayapangua. Nilikuwa nimeshaliona kochi, na kichwa chake kimeelekea ukutani, na mimi na masufuria yangu tunaanza upya. Nilipofika sikupitia sebuleni, nikazunguka mlango wa ofisi ili nipate japo dakika ya kuvuta pumzi.

Alikuwa humo. Uji hajaugusa. Ameinama mpaka pua karibu iguse skrini, na mkono wa kushoto unasogeza kipanya taratibu. Nikasimama nyuma yake.

Mstari wa vitufe haukuwa kulia tena. Alikuwa ameuhamishia kushoto, upande wa mkono wake mzima. Na vitufe vilikuwa vimepungua. Alikuwa amebonyeza alama moja moja ya kuuliza, akaona inatoa nini. Anayoihitaji akaichora upya, asiyoihitaji akaitupa. Tofali lilikuwa limepinda. Pazia lilikuwa mistari mitatu imelala. Fagio ndilo lililonimaliza.

"Hili ni fagio au kisamvu?" nikamuuliza, kwa sababu ningenyamaza ningelia tena.

Akacheka. Kicheko chake ni kilekile, kiharusi hakikukigusa.

Nikamweleza ukweli, kwamba za zamani zimefutwa, hazipo Kisarawe wala popote. Hakushtuka. Akanyoosha kidole mpaka ukingo wa kulia wa skrini, pale mstari ulipokuwa. "Mbali," akasema. Akapeleka kipanya kule, akakirudisha, akakipeleka tena, kisha akajishika bega la kushoto akakunja uso. "Mbali... sana."

Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Miezi yote ile mkono wa kushoto ulikuwa unavuka skrini nzima kufuata vitufe vilivyopangwa na mkono wa kulia. Ulikuwa unamuumiza, na maneno ya kuniambia hana. Na mimi nimezunguka Mbezi na Pugu nikimtafuta mume wangu wa zamani, huku huyu wa sasa yuko ofisini anajipangia maisha yake. Nampenda huyu. Sijui kwa nini sikuwa nimemwambia.

Nikatoa fenesi, nikawa namlisha, natoa kokwa, nyama yake namwekea mdomoni, kwa kuwa mkono wake ulikuwa na kazi. Alipomeza nikamuuliza, "Na nini kingine kiko mbali?"

Tangu augue tulikuwa tukimuuliza kama ameshiba, kama anaumwa, kama anasikia baridi. Swali hili lilimkalia kichwani kidogo. Akatazama rafu, akatazama mlango, kisha akanitazama mimi.

Mimi siku zote nakaa kulia kwake. Hospitali nilikaa kulia, mezani nakaa kulia, kitandani nalala kulia, nimeushika ule mkono uliopooza nikiubembeleza. Mkono ule hausikii kitu. Daktari aliniambia, nikaitikia, nikaendelea kuushika.

Akaacha kipanya. Akajipinda, akashika kiti changu cha plastiki kwa mkono wake mzima, akakiburuta kukipitisha nyuma yake, kikakwama kwenye mguu wa meza, akakivuta tena. Sikumsaidia, nilijua asingependa. Akakiweka upande wa kushoto, akakipigapiga.

"Hapa," akasema.

Nikahamia. Akashika mkono wangu, akaubinya, akaushikilia muda mrefu. Kisha akauachia, akarudi kwenye nyumba ya mama, akaweka dirisha upande wa jikoni.