Inchi au Milimita

Mashine yetu ya kuchonga iliutoboa ubao wa marehemu baba, ikaitoboa na meza yake yenyewe chini ya ubao, kabla kaka hajaufikia waya na kuuchomoa ukutani. Ubao ule wa mninga baba aliupasua mwenyewe kule Mlali, akasema utakuwa ubao wa kichwani wa kitanda cha mjukuu wake wa kwanza atakapoolewa. Binti wa kaka, ndiye mjukuu huyo, alikuwa amebakiza wiki tatu aolewe.

Kaka alikuwa seremala Chang'ombe, mimi karani wa ofisi. Mashine tuliiunda kwa kujifurahisha, Jumapili baada ya ibada, kwa mota za printa mbovu zilizotupwa ofisini kwetu. Kompyuta ya mtumba ilikielekeza kisu kiende wapi na kizame kiasi gani. Majirani walitucheka. Lakini madukani vilikuwa vimejaa vitanda kutoka nje, vya unga wa mbao ulioshikishwa kwa gundi, na wateja wa kaka walikuwa wanapungua. Akaanza kuitazama mashine kwa jicho jingine.

Programu ya zamani ilijua mistari iliyonyooka tu. Ukiipa ua, petali zilitoka kama ngazi. Mwanafunzi mmoja wa chuo akanipa CD ya programu mpya, inayochonga mviringo safi. Kompyuta haikuwa na nafasi ya zote mbili, nikaifuta ya zamani. Sikubakiza nakala.

Jumamosi ile umeme wa mgawo ulirudi saa tisa, na saa kumi na mbili ungekatika tena. Nilitaka tujaribu kwanza kwenye kipande cha msonobari.

"Kwani umeme unakungoja wewe?" kaka akasema. "Laza ubao."

Programu mpya ikauliza jambo ambalo ya zamani haikuwahi kuuliza: vipimo ni inchi au milimita? Nikamsomea.

"Inchi! Tangu lini mbao zikauzwa kwa milimita? Nenda kawaombe wauza mbao mbili kwa nne ya milimita, uone watakavyokufukuza, msomi wangu."

Nikacheka, nikabonyeza inchi. Ua nilikuwa nimelichora mimi, kwa milimita, na kina cha kuchonga nilikuwa nimeandika tatu. Inchi tatu ni mara mbili ya unene wa ubao ule.

Kisu kilizama moja kwa moja, kisha kikavuta pembeni, ubao ukapasuka kwa urefu wake wote.

Shemeji alitoka jikoni mbio. "Nani kafanya hivi?"

"Kaka ndiye aliyesema inchi," nikajibu.

Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema kweli chafu kuliko ile. Kaka alisimama na vumbi la mbao kwenye kope, waya mkononi.

"Haya, andika hivyo hivyo, karani," akasema.

Binti aliolewa. Kitanda walikileta upande wa bwana harusi, cha dukani, chenye kioo kichwani. Kwenye sherehe mzee mmoja wa upande wao akasema kwa sauti, "Ukweni kwa seremala, kitanda tunabeba sisi!" Watu wakaangua kicheko. Kaka naye akacheka. Nilimwangalia mpaka alipomaliza kucheka, na alichelewa kumaliza.

Mwezi uliofuata alihamishia karakana Zuzu, nje ya mji. Alichukua mashine na kompyuta nikiwa sipo. Tangu hapo, tukikutana misibani, tunasalimiana kama watu waliopanga nyumba moja zamani.

Mwaka jana mfanyakazi mwenzangu anayeishi Zuzu alinunua mlango kwake. Anasema una maua ya mviringo, yote sawasawa, hakuna lililozidi jingine. Nikamuuliza yamezama kiasi gani. Akanionyesha kwa ukucha: hivi tu.

Programu ile ni Kiingereza kitupu, na kaka aliishia darasa la nne. Sijui nani anamsomea.